Togwa Yenye Muhuri

Barua ya onyo Getruda aliibandika mwenyewe ukutani kilabuni, juu ya benchi la wazee, mahali ambapo kila mnywaji angeiona. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo. Ilisema kwamba mwanafunzi wa miaka kumi na saba amekutwa kilabuni kwake akinywa pombe, na kwamba akionywa mara ya pili kibali chake kitafutwa. Yule mwanafunzi alikuwa amekuja na baba yake mzazi, na kikombe alipewa na baba huyohuyo wakati Getruda yuko nyuma anachochea kuni. Hayo hayakuandikwa. Getruda hakulalamika. Alijiambia kwamba kilabu ni chake, basi na macho yaliyopaswa kuona yalikuwa yake.

Alikuwa mjane wa miaka hamsini na miwili, aliyezaliwa katika kambi ya mkonge hapohapo Mazinde, na tangu apate komunyo ya kwanza hakuwahi kuonja pombe. Alipika kwa pua na masikio. Watu walimtania kwamba anauza kitu asichokijua, naye alijibu kwamba hata fundi wa majeneza hajawahi kulala ndani ya kazi yake. Kilabu ndicho kilichomsomesha binti yake Shida, aliyekuwa kidato cha tatu, bweni, huko Korogwe. Kwa ajili ya binti huyo watu walimwita Mama Shida. Kila asubuhi kabla ya kuwasha moto alisali rozari, na mwishoni aliongeza ombi moja la kwake: kibali kisifutwe kabla Shida hajamaliza kidato cha nne.

Siku ya Jumatatu, mwezi wa pili, joto likiwa limeshakaa hata kwenye kivuli, Ponsiano Mapunda alikuja kuagiza pombe. Baba yake alikuwa ametimiza mwaka kaburini, na ukoo ulikuwa unakutana Alhamisi kumrithisha mjukuu jina lake. Katika ukoo wa Mapunda mrithi wa jina hunywa funda la kwanza la pombe mbele ya watu wote, la pili hulimwaga chini kwa ajili ya marehemu, ndipo wengine nao hunywa. Mzee Habakuki, mdogo wake marehemu, alisema desturi hiyo waliitoa Songea walipokuja kukata mkonge. Ndugu wa Songea walipoulizwa kwa simu walisema hawaijui. Lakini ilikuwa imeshafanyika kambini mara tatu, na kitu kikishafanyika mara tatu kinakuwa cha zamani.

Getruda aliuliza mrithi ni nani. Ponsiano akasema ni Dennis, mwanawe wa pili. Getruda alimfahamu Dennis. Alikuwa kidato cha pili, na umri wake ulikuwa miaka kumi na mitano.

"Basi siwezi," alisema.

"Mtoto ni wangu, Mama Shida. Nimemzaa mimi, namruhusu mimi. Au serikali ilikuwepo leba?"

"Leba haikuwepo. Lakini kibali changu kiko ofisini kwake."

Ponsiano alieleza kwamba ni funda moja tu, na Getruda akaeleza kwamba onyo nalo limebaki moja tu. Mwishowe alimwambia alete barua ya mtendaji, yenye muhuri, inayosema kwamba mzazi anaweza kumruhusu mwanawe. Akiiona, atapika.

Kama Ponsiano angenyamaza, hakuna mtu ambaye angeuliza. Ponsiano angeweza kununua chupa mbili Mombo, akamaliza shughuli uani kwake, na dunia ikaendelea. Lakini wazo la barua lilimpendeza. Pale kijijini mtu husafirisha mbuzi kwa barua, hufunga ndoa kwa barua, na mgeni akikaa wiki mbili hutafutiwa barua. Jambo kubwa kama jina la baba kukosa barua lingeonekana la kihuni. Akaenda ofisini siku hiyohiyo.

Mtendaji wa kijiji aliitwa Hashim. Alikuwa kijana wa Handeni mwenye umri wa miaka thelathini, mtu wa swala tano, na katika miaka yake miwili pale Mazinde hakuna aliyemwona akichukua hata kuku wa mtu. Jumanne nzima aliisoma sheria. Jioni aliwaita Ponsiano na Getruda akawaeleza alichokipata. Kitabu kinakataza mtoto kuuziwa pombe. Hakuona mahali panaposema mzazi anaweza kuruhusu. Wala hakuona mahali panaposema baba afanywe nini akimpa mwanawe funda moja nyumbani kwake. Alikuwa amempigia mtu wa kata, huyo akamwambia aulize wilayani, na wilayani wakamwambia atumie busara.

"Pale kitabu kinaponyamaza," alisema Hashim, "muhuri wangu nao unanyamaza."

Busara yake ilikuwa togwa. Rangi inafanana, kikombe ni kilekile, na mtoto hata akinywa ndoo nzima hakuna kosa. Ponsiano aliridhika kwa sababu barua angeipata. Mzee Habakuki ndiye aliyekataa, akasema kaka yake hakukata mkonge miaka arobaini ili arithiwe kwa uji. Ilibidi wakwe zake wawili waende kumbembeleza.

Na kwa kuwa Hashim aliwafahamu wazee wale, aliogopa kwamba watachanganya. Barua aliyoiandika ilikuwa na masharti. Togwa ipikwe na Getruda, mwenye kibali. Iwekwe katika chombo kimoja chenye mfuniko. Chombo kifungwe kwa karatasi zenye muhuri wa ofisi. Kifunguliwe mbele ya mtendaji, naye aonje kwanza kabla ya mtoto yeyote. Ponsiano aliipeleka barua hiyo Korogwe ikawekewa plastiki.

Chombo pekee chenye mfuniko alichokuwa nacho Getruda kilikuwa pipa lake la bluu la pombe. Aliliosha mara tatu kwa maji ya moto na majivu. Jumatano alipika uji wa mahindi, akauacha upoe hadi ukawa vuguvugu, akatia unga wa kimea cha ulezi. Jioni Hashim alipokuja na gundi na karatasi zake, Getruda alimwambia kinachomsumbua. Pipa lililopikiwa pombe miaka sita halisafishiki likaisha, kuna kitu hubaki kwenye plastiki. Togwa ikikaa humo hadi kesho, sawa. Isizidi hapo.

Hashim aliinamisha kichwa ndani ya pipa, akanusa, akasema linanukia uji tu.

"Mama yangu, wewe unajua pombe," alisema kwa upole. "Mimi najua taratibu. Kila mmoja afanye la kwake."

Akabandika karatasi nne kuzunguka mfuniko, akagonga muhuri kwenye kila moja, akasaini na kuandika tarehe. Pipa likapelekwa kwa Ponsiano likiwa juu ya toroli, na watu wakalipisha njiani kama gari la msiba.

Alhamisi asubuhi Hashim alipokea ujumbe kwenye simu. Watendaji walitakiwa Handeni kwa semina ya siku mbili. Semina ilihusu ulinzi wa mtoto. Akampigia Ponsiano kutoka kwenye gari, akaomba radhi, akasema shughuli isogezwe hadi Jumamosi na pipa lisiguswe.

Getruda alipopata habari hizo aliacha kuni zinawaka akaenda kwa Ponsiano. Pipa lilikuwa uani, upande ambao jua la mchana hupiga. Akaweka sikio. Ndani kulikuwa na mlio mdogo, kama mafuta yanayoanza kupata moto. Alimwomba Ponsiano walihamishie ndani angalau, wakalihamishia ndani, chumba chenye bati lisilo na dari, ambako joto lilikuwa zaidi. Ijumaa alfajiri alirudi tena. Mfuniko ulikuwa umevimba katikati, na chini ya karatasi moja povu lilikuwa limetoka na kukauka pembeni ya muhuri.

"Tulimwage," alisema. "Nitapika jingine bure."

Ponsiano alimwonyesha ile barua yenye plastiki. Hakuna sharti lililosema limwagwe.

Simu ya Hashim ilikuwa imezimwa. Getruda akavaa kitenge cha kanisani, akapanda basi hadi Korogwe na jingine hadi Handeni. Alimkuta Hashim saa ya chakula nje ya ukumbi, ana sahani ya pilau mkononi na kitambulisho cha semina shingoni. Alimwamkia Getruda shikamoo, akamtafutia kiti, akamletea soda kabla ya kumuuliza kilichomleta. Getruda alimweleza yote. Hashim aliweka sahani chini, akatoa daftari.

Aliuliza kama amefungua pipa. Getruda akasema hapana. Akauliza amejuaje basi. Getruda akasema amesikia.

"Umesikia," alisema Hashim, akaandika.

Kisha alimweleza, na alimweleza kwa nia njema, kwamba akilifungua yeye hakuna atakayejua kama pombe ilizaliwa humo au ilitiwa. Na wa kwanza kulaumiwa atakuwa yeye, mwenye onyo tayari. Kwa hiyo muhuri unamlinda yeye kuliko mtu yeyote. Kesho ataonja mwenyewe, na kikiwa si togwa atajua.

"Mwanangu, umewahi kuonja pombe?"

"Astaghfirullah, mama. Tangu nizaliwe, hapana."

"Sasa utaijuaje?"

Hashim alifikiri. Wenzake walikuwa wanarudi ukumbini, kipindi cha mchana kilikuwa kinaanza. Akasema Mungu atamjulisha, akachukua sahani yake.

Njia nzima ya kurudi Getruda alishika rozari ndani ya mkoba. Alikuwa ameliona jambo lote sasa, na halikuwa gumu. Akinyamaza kesho, Hashim ataonja, atasema ni togwa, atasaini, na kibali kitabaki. Akisema, basi ni pombe iliyotoka katika pipa lake, iliyoandaliwa ili apewe mtoto, na hilo ndilo onyo la pili. Basi lilipofika Korogwe, karibu na shule ya Shida, aligundua kwamba amesali makumi yote matano na amesahau kuweka lile ombi lake la kila siku.

Jumamosi uwanja wa Ponsiano ulikuwa umefungwa turubai. Ndugu walikuja kutoka Kerenge na Mombo. Watoto walikuja kutoka kila upande, wengi wao si wa ukoo, kwa sababu walikuwa wamesikia kuna pipa zima la togwa. Walikaa mstari mmoja chini ya ukuta, kila mmoja na kikombe alichotoka nacho kwao. Mdogo kuliko wote alikuwa na kikombe cha kunyolea ndevu. Dennis alikaa peke yake kwenye kiti, shati jeupe, mikono magotini, na mara kwa mara aliinua macho kulitazama pipa kama mtu anayesubiri sindano.

Katekista aliongoza sala fupi. Hashim alisoma barua tangu tarehe hadi saini. Halafu alikagua karatasi nne, akaziona hazijaguswa, akazichana moja baada ya nyingine.

Mfuniko uliruka wenyewe.

Povu lilipanda hadi ukingoni na harufu ikatoka. Wazee wote wa ukoo wa Mapunda walinyamaza, na ukimya wao ulikuwa na heshima kuliko ule walioupa sala. Mzee Habakuki alifumba macho.

Hashim aliuliza kama togwa huwa na povu namna hiyo.

"Togwa nzuri hucheka, mtendaji," alisema Mzee Habakuki bila kufumbua macho.

Ponsiano alichota kikombe akampa Hashim kwa mikono miwili. Hashim alikipokea. Akasema bismillahi, akakiinua.

Getruda alisimama. Hakujua angesimama, kama alivyokuja kumweleza katekista baadaye.

"Usinywe, mwanangu. Hiyo ni pombe."

Kikombe kilisimama karibu na mdomo. Hashim alimtazama, akalitazama pipa, akakiteremsha taratibu akakiweka mezani. Minong'ono ikaanza. Ponsiano alisema kwa sauti ya chini kwamba kuna watu hawapendi mambo ya wenzao yanyooke. Hashim aliinua mkono. Alisema jambo hilo litachunguzwa kwa haki, na kwa kuwa yeye hawezi tena kuonja kitu kilichotiliwa shaka, anaomba mashahidi.

Mashahidi walipatikana upesi. Mzee Habakuki alionja kikombe kizima, akasema bado hana uhakika, akaonja kingine. Waliomfuatia walikuwa saba. Kila mmoja alikunywa kwa makini, akafuta mdomo, akatoa jibu lilelile. Ni togwa. Mmoja aliongeza kwamba ni togwa ya kiwango ambacho hajakipata tangu ujana wake.

"Nimekunywa pombe miaka sitini," alisema Mzee Habakuki. "Kama ingekuwa humo, tungesalimiana."

Watu walicheka. Hashim hakucheka. Alimgeukia Getruda akamuuliza, kwa heshima ileile ya siku zote, kama yeye amewahi kunywa pombe. Getruda akasema hapana. Hashim akaandika. Upande mmoja kuna watu wanane wenye uzoefu wa maisha yote. Upande mwingine kuna mtu mmoja ambaye hajawahi kuionja, na aliyekiri huko Handeni kwamba alisikia tu. Alipofika mwisho wa mstari kalamu yake ilisita, na macho yake yakaenda kwenye karatasi zilizochanika chini, zenye muhuri na saini yake. Yalikaa hapo kidogo.

"Kwa ushahidi uliopo," alisema, "hiki ni togwa. Mrithi anaweza kunywa, na baada yake watoto wahudumiwe."

Watoto walisimama wote kwa pamoja. Yule wa kikombe cha kunyolea alipenya miguuni mwa wakubwa akawa wa kwanza.

Getruda alishika ukingo wa pipa kwa mikono miwili, akaweka goti, akalisukuma. Alikuwa amelisukuma pipa hilo kila siku kwa miaka sita na alijua lilipo zito. Togwa ile, au chochote ilichokuwa, ilitoka yote kwa mara moja, ikapita chini ya viti, ikaingia kwenye viatu vya wageni wa Kerenge, ikaishia kwenye kitalu cha mchicha. Kuku wa Ponsiano wakakimbilia machicha ya kimea yaliyobaki chini.

"Umenimwagia baba yangu," alisema Ponsiano. Alikuwa analia, na Getruda alimwonea huruma kweli, maana machozi hayakuwa ya pombe.

Kuku mmoja alikaa chini katikati ya uwanja akashindwa kuondoka, na watu walimzunguka bila kusema neno lolote juu yake. Ndipo Dennis alipouliza, akiwa bado ameshika kikombe kitupu, kama haiwezekani akatumia maji.

Wote walimgeukia Mzee Habakuki. Mzee alikuwa na vikombe viwili tumboni na moyo wake ulikuwa mweupe. Akasema kaka yake alipokuwa anakata roho hospitali aliomba maji, hakuomba kingine, kwa hiyo maji yanafaa, na kwa kweli yalifaa tangu mwanzo. Yakaletwa maji ya mtungi. Dennis akanywa funda moja, akamwaga la pili, akawa Mapunda mkubwa. Halikuchukua hata dakika mbili.

Jumatatu Getruda aliitwa ofisini. Barua ilikuwa imeshaandikwa. Ilimtia hatiani kwa kumwaga kinywaji kisicho na kilevi kilichokuwa chini ya ulinzi wa ofisi, na kwa kuwanyima watoto togwa iliyoidhinishwa. Kwa kuwa hilo lilikuwa onyo la pili, kibali cha kuuza pombe kilifutwa kuanzia siku hiyo.

Alisoma hadi mwisho. Kisha akauliza kama Hashim mwenyewe anaamini ilikuwa togwa.

Hashim aliinuka akasukuma mlango ukafunga. "Nikiandika ilikuwa pombe, mama, basi aliyeifunga siku tatu na kuamuru watoto wapewe ni mimi. Na wewe ungefungiwa vilevile."

"Kote ningefungiwa."

"Kote." Alikaa. "Kile kikombe kilikuwa kimeshafika hapa," alisema, akagusa mdomo wa chini.

Kisha Hashim alifungua droo akatoa fomu nyingine. Ilikuwa ya kibali cha kuuza vinywaji visivyo na kilevi. Alieleza kwamba maombi yake yana nguvu, kwa sababu wazee wanane wamethibitisha kwa maandishi ubora wa togwa yake, na kwa kibali hicho anaruhusiwa kumuuzia mtu wa umri wowote. Getruda aliisoma fomu mara mbili. Alielewa vizuri kuliko aliyempa. Kwa karatasi hiyo, na kwa saini za wale wazee, angeweza kuuza kilekile cha siku tatu na kukiita togwa, na ada ya Shida isingetikisika. Aliuliza kama kuna mahali panaposema togwa ikae siku ngapi. Hashim alipekua, akasema hakuna.

Getruda akaomba kalamu. Chini ya fomu, kwa mwandiko wake wa polepole, aliandika kwamba togwa ya Getruda itakuwa ya siku moja, na itakayobaki jioni itamwagwa. Akasaini, akarudisha.

Wiki hiyohiyo aliweka ndoo nyeupe isiyo na mfuniko mahali pa lile pipa. Watoto waliotoka shule walikuja. Wazee nao walikuja, wakakaa kwenye benchi lao, wakaagiza kwa furaha wakikonyezana. Mzee Habakuki alikunywa funda, akalizungusha mdomoni, akameza. Akakitazama kikombe kwa muda mrefu.

"Mama Shida," alisema kwa huzuni, "mbona hii ni togwa?"